Jedwali naliona kwa macho, kwiri inasema halipo: herufi kubwa na ndogo kwenye databesi

Swali la msomaji, nimelifupisha: "Kaka shikamoo. Nimetengeneza mfumo wa chama chetu cha akiba na mikopo kwa PHP na MySQL. Kwenye laptopu yangu ya Windows na XAMPP kila kitu kinaenda, nimepandisha kwenye seva ya Linux naambiwa Table 'chama.Wanachama' doesn't exist, na nikifungua phpMyAdmin jedwali naliona kabisa. Jamaa akanishauri nihamie PostgreSQL, nimejaribu, huko nako naambiwa relation does not exist kwa jedwali ambalo lipo. Nilipofanikiwa kulisoma, katibu akitafuta juma hapati mtu wakati kina Juma tunao kibao. Tatizo ni moja au ni mengi?"

Marahaba mdogo wangu. Ni mawili, yanafanana sura tu ndo maana yanakuchanganya. Kuna majina ya vitu vya databesi, yani majedwali na kolamu, na kuna majina ya watu, yani kile kilichoandikwa ndani ya hayo majedwali. Kila upande una sheria zake na ukitumia dawa ya huu kwa ule utakesha bure, nimeona watu wanabadilisha kolesheni (kanuni ya kulinganisha maandishi) ya databesi nzima wakitegemea jedwali litaonekana, halionekani ng'o, kwa sababu kolesheni ya MySQL haihusiki na jina la jedwali hata kidogo.

Tuanze na seva yako ya Linux. MySQL na MariaDB (XAMPP ya siku hizi inakuja na MariaDB, ndugu wa MySQL, ila kwa hili tabia ni ileile) kila databesi inakaa kama folda na majedwali yanakaa kama mafaili ndani ya hiyo folda, kwa hiyo swali la kama Wanachama na wanachama ni kitu kimoja linaishia kujibiwa na diski. Diski ya Windows kwa kawaida haitofautishi, ya Linux inatofautisha, kwake hayo ni mafaili mawili yasiyojuana. Juu ya hapo kuna kigezo kinaitwa lower_case_table_names, na kwa kawaida Linux kiko 0, Windows 1, Mac 2. Sifuri maana yake jina linahifadhiwa ulivyoliandika na linalinganishwa hivyohivyo herufi kwa herufi. Mbili maana yake linahifadhiwa ulivyoandika ila wakati wa kulinganisha linashushwa kuwa herufi ndogo. Na moja, hii ya Windows, maana yake jina linageuzwa kuwa herufi ndogo kabla halijahifadhiwa, na kila ukiliita linageuzwa tena.

Hapo kwenye moja ndo ulipopotelea. We uliandika CREATE TABLE Wanachama, XAMPP ikahifadhi wanachama kimyakimya, kodi yako ikaendelea kuita Wanachama na ikawa inajibiwa miezi yote hiyo. Ulipotoa dampu (faili la nakala ya databesi) ikatoka na wanachama, ukaipandisha Linux ikatengeneza wanachama, halafu PHP yako ikaja kuuliza Wanachama yenye W kubwa na seva ikasema ukweli, halipo. Rudi phpMyAdmin uangalie vizuri lile jedwali unaloliona, herufi ya kwanza ni ndogo. Macho yetu yamezoea kusoma neno zima, seva inasoma herufi mojamoja.

Dawa ni kurekebisha kodi, siyo seva. Najua utakutana na ushauri wa kuweka lower_case_table_names=1 kwenye seva yako ili ifanane na laptopu, na kwenye hostingi ya kushiriki na wengine hata ruhusa ya kugusa faili la mipangilio huna, lakini hata ungekuwa nayo, kuanzia MySQL 8.0 hicho kigezo kinawekwa mara moja tu pale seva inapoanzishwa kwa mara ya kwanza, ukikibadilisha baadaye seva inagoma kuwaka na kulalamika kwamba mpangilio wake haulingani na kamusi ya data. Na kinyume chake usijaribu, kulazimisha 0 kwenye Windows, maana diski haitofautishi halafu we unaiambia databesi itofautishe, huko unaweza kuharibu indeksi (orodha za kutafutia haraka).

Kwa hiyo fungua kodi yako, tafuta kila jina la jedwali bila kujali ukubwa wa herufi, wanachama, mikopo, marejesho, yote, ushushe yawe herufi ndogo tupu na ukihitaji maneno mawili unganisha kwa kistari cha chini, mikopo_iliyolipwa. Ni kazi ya jioni moja na ukishaifanya umeifanya kwa seva zote za dunia hii. Ukiwa humo angalia na majina ya mkato (alias, kama hiyo w kwenye mfano huu), kwa sababu hili linawapiga hata wazoefu: SELECT W.jina FROM wanachama w inapita vizuri Windows ila Linux inakataa, inakwambia Unknown column 'W.jina', maana majina ya mkato ya majedwali nayo yanafuata kigezo kilekile. Kolamu zenyewe hazina shida, kwenye MySQL jina la kolamu halijali herufi kubwa au ndogo popote pale, na ndo maana tatizo linaonekana kama la kubahatisha, nusu ya kwiri (maombi unayoiandikia databesi) inakubali nusu inakataa. Jina la databesi lenyewe nalo ni folda kwa hiyo linahesabika kama jedwali.

Na tafadhali, acha kutengenezea kazi kwenye Windows na kupeleka Linux bila kujaribu katikati. Weka WSL au Docker (zana za kuendesha Linux ndani ya Windows) kwenye hiyohiyo laptopu, uendeshe MariaDB ndani yake, makosa ya aina hii uyaone we mwenyewe mezani kwako kabla hayajamkuta katibu mbele ya wanachama siku ya mkutano.

Haya, PostgreSQL. Huku diski haina neno kabisa, iwe Windows iwe Linux jibu ni moja. Sheria yake ni kwamba jina lolote usilolifunga kwa alama za kunukuu linashushwa kuwa herufi ndogo, na ukilifunga kwa alama mbilimbili linabaki kama lilivyo. Kwa hiyo Wanachama, WANACHAMA na wanachama zote ni wanachama, lakini "Wanachama" ni kitu kingine kabisa. Kilichokutokea ni kwamba zana uliyohamishia, au maktaba ya kodi unayotumia, ilitengeneza majedwali kwa kuyafunga, CREATE TABLE "Wanachama", halafu we ukaja kuandika SELECT * FROM Wanachama ukiamini umeandika sawasawa na kilichopo. Postgres ikashusha, ikatafuta wanachama, haikuona. Soma tena ule ujumbe wa kosa, umeandikwa relation "wanachama" does not exist (relation hapo ni jedwali), w ndogo, yani seva imekuonyesha kabisa ilichotafuta. Mi huwa nawaambia vijana ninaofanya nao kazi kwamba jibu la Postgres mara nyingi liko ndani ya hizo alama za kunukuu, lisomeni polepole.

Ukitaka ujue ulivyoingia kwenye matatizo kiasi gani endesha hii:

SELECT table_name, column_name FROM information_schema.columns WHERE table_schema = 'public' AND (table_name <> lower(table_name) OR column_name <> lower(column_name));

Kila mstari utakaotoka ni jina litakalokudai alama za kunukuu maisha yako yote, kwenye kila kwiri, kila ripoti, na kwa kila mtu atakayekuja kufanya kazi baada yako. Unaweza kuchagua kuishi hivyo, wapo wanaoishi hivyo kwa sababu maktaba yao inafunga majina yenyewe, ila siku mhasibu anataka ripoti ya haraka na we unaandika kwiri kwa mkono utaumia. Mi nakushauri uyashushe sasa wakati bado ni majaribio:

ALTER TABLE "Wanachama" RENAME TO wanachama;
ALTER TABLE wanachama RENAME COLUMN "JinaKamili" TO jina_kamili;

Kuna mitego miwili inayokuja na wewe kutoka MySQL. Wa kwanza, kwenye MySQL kwa kawaida alama mbilimbili ni za maandishi, kwa hiyo umezoea kuandika WHERE jina = "Juma" na inafanya kazi. Postgres ikiona "Juma" inadhani unataja kolamu, itakujibu column "Juma" does not exist na utaanza kutafuta kolamu ambayo hujawahi kuitengeneza. Maandishi ni alama mojamoja, 'Juma', basi, na vile vialama vya mgongo (`) vya MySQL navyo uviache kulekule. Mtego wa pili uko PHP. Ukiandika SELECT JinaKamili bila kufunga, Postgres inarudisha kolamu inayoitwa jinakamili, halafu kodi yako inasoma $row['JinaKamili'] na funguo za PHP zinatofautisha herufi, kwa hiyo hupati kitu, kwiri imefaulu, data imekuja, skrini iko tupu. Hili nilishawahi kulitafuta siku nzima nikiwa nimeshachoka nikilaumu muunganisho wa databesi.

Databesi nyingine nazigusa kidogo tu usije ukadhani Postgres ndo sheria. Oracle inafanya kinyume, jina lisilofungwa linapandishwa kuwa herufi kubwa, na ndo kiwango rasmi cha SQL kinavyotaka, Postgres ndo waliokwenda upande wao. SQL Server majina yanafuata kolesheni ya databesi yenyewe. SQLite ambayo iko kwenye karibu kila simu haijali kabisa kwa majina ya majedwali na kolamu. Ukitumia herufi ndogo na kistari cha chini bila kufunga kitu, zote hizo zitakuelewa.

Sasa majina ya watu, na hapa naomba utulie kwa sababu jedwali likikosekana unaona kosa jekundu na unalirekebisha, lakini jina la mtu likikosekana hamna kosa lolote linaloonekana, kwiri inarudisha mistari sifuri na katibu anamwambia mama wa watu kwamba hayumo kwenye chama.

MySQL ilikuwa inakubeba bila we kujua. Kolesheni ni kanuni ya kulinganisha na kupanga maandishi, na ile ya kawaida ya MySQL 8.0 inaitwa utf8mb4_0900_ai_ci, ambapo ci maana yake haijali kubwa na ndogo na ai maana yake haijali alama za juu ya herufi, kwa hiyo Juma, JUMA na juma ni mtu mmoja, na Mũthoni na Muthoni nao ni mmoja. Zile za zamani na za MariaDB kama utf8mb4_general_ci nazo zina ci mwishoni. Postgres kwa kawaida inalinganisha kwa usawa kamili, 'juma' siyo 'Juma', na kwa maoni yangu iko sahihi, inakuachia we useme unataka nini.

Kwa kutafuta kwa haraka kuna ILIKE, WHERE jina_kamili ILIKE 'juma%', inatosha kwa kisanduku cha kutafutia. Usiitumie kuthibitisha barua pepe au jina la kuingilia, kwa sababu alama ya asilimia na kistari cha chini ndani ya ILIKE vina maana maalumu, na barua pepe zenye kistari cha chini ni nyingi sana, juma_k itakubaliana na jumaxk. Kwa usawa kamili shusha pande zote mbili, WHERE lower(barua_pepe) = lower(?), hiyo ? ni nafasi ya barua pepe unayoitafuta, na uiwekee indeksi ya hiyohiyo:

CREATE UNIQUE INDEX ON wanachama (lower(barua_pepe));

Indeksi ya kawaida juu ya barua_pepe haisaidii kwiri yenye lower(), seva itapitia jedwali zima, na hiyo UNIQUE inazuia mtu mmoja kujiandikisha mara mbili kwa herufi tofauti. Ipo pia aina ya kolamu inayoitwa citext inayofanya hayo yenyewe, ni nzuri kwa barua pepe. Wanachama wakifika wengi na ILIKE ikawa nzito, hasa ukitafuta jina la katikati, weka indeksi ya aina ya GIN kwa kutumia pg_trgm, nyongeza ya Postgres inayokata maandishi vipande vya herufi tatutatu.

Na kama utabaki MySQL, usisahau upande wa pili wa ci. Tokeni za kuweka upya nywila na namba za siri za mwaliko hazitakiwi kulinganishwa kwa ci, maana aB3x na AB3X zinahesabika moja na umepunguza ugumu wa kukisia bila kujua. Hizo kolamu zipe utf8mb4_bin. Ukikutana na Illegal mix of collations wakati wa kuunganisha majedwali, maana yake kolesheni zake hazifanani, mfano moja ni general_ci na jingine ni 0900_ai_ci, yafanye yawe mamoja. Na ukitoa dampu MySQL 8.0 ukapeleka MariaDB ya zamani utaambiwa Unknown collation, hilo nalo linatibika kwa kubadilisha jina la kolesheni ndani ya dampu kabla ya kuipandisha.

Ila kuna kitu nakiogopa kuliko vyote hivyo. Najua utafikiri, si nishushe tu majina yote ya wanachama yawe herufi ndogo, au niyapandishe yote kama kwenye fomu zetu za jaza kwa herufi kubwa, tatizo liishe. Usifanye hivyo. Jina ukishalishusha huwezi kulirudisha lilivyokuwa, na zana za kurudisha ni mbovu kwa majina yetu. Postgres ina initcap, ambayo inaanza herufi kubwa baada ya kila alama isiyo herufi wala tarakimu, kwa hiyo NG'WANDU anakuwa Ng'Wandu na Ng'ang'a anakuwa Ng'Ang'A. Salim bin Said anakuwa Salim Bin Said, na mwenye ole kwenye jina lake la Kimaasai anageuzwa Ole hata kama mwenyewe haliandiki hivyo. Nilishawahi kuitwa sehemu kusafisha orodha ya wanachama baada ya mtu kupitisha hicho kitu kwenye data yote bila bakapu, tukakaa na fomu za karatasi tukirudisha mojamoja, na kuna wazee walikuwa wanauliza kwanini cheti chao kimeandikwa hivyo, wakiwa na haki kabisa ya kuuliza, jina ni lao.

Hifadhi jina kama mwenyewe alivyoliandika, halafu tengeneza kolamu ya pili ya kutafutia tu, isiyoonyeshwa kwa mtu. Postgres kuanzia toleo la 12 inaweza kuijaza yenyewe:

ALTER TABLE wanachama ADD COLUMN jina_tafuta text GENERATED ALWAYS AS (lower(regexp_replace(replace(trim(jina_kamili), '’', ''''), '\s+', ' ', 'g'))) STORED;

Ile replace ya katikati ina sababu. Baadhi ya simu zinaandika ng' kwa kialama kilichopinda, kibodi ya kompyuta inaandika kilichonyooka, na kwa databesi hizo ni herufi mbili tofauti ambazo hamna ci itakayozipatanisha. Ng'wandu aliyejiandikisha kwa simu hapatikani na karani mwenye kompyuta, na wote wawili wameandika vizuri. Trim na ile regexp zinaondoa nafasi za ziada, ambazo zinakuja sana mtu akinakili jina kutoka Excel. Kile anachoandika mtafutaji nacho kipitishe kwenye njia hiyohiyo kabla ya kulinganisha. Kama mna wanachama wenye ũ na ĩ kwenye majina kuna nyongeza ya unaccent inayoondoa hizo alama za juu ya herufi, ila hiyo huwezi kuiweka moja kwa moja ndani ya kolamu ya aina hii, itabidi uifungie kwenye fankisheni yako mwenyewe kwanza.

Na kwa kuwa tumefika kwenye ng', hakikisha kila jina linaingia kwenye kwiri kama kigezo kilichofungwa, yani thamani inayotumwa kando na maandishi ya kwiri, kwa prepare na execute za PDO (maktaba ya PHP ya kuongea na databesi), usiunganishe maandishi kwa nukta. Ukiunganisha, Ng'wandu wa kwanza kujiandikisha atavunja kwiri yako bila nia mbaya yoyote, na mwenye nia mbaya atafanya zaidi ya hapo.

Kabla hujahamisha chochote cha kweli, chukua bakapu, halafu endesha hii kwenye data ya sasa:

SELECT lower(trim(jina_kamili)) AS ufunguo, count(*) FROM wanachama GROUP BY 1 HAVING count(*) > 1;

Itakuletea majina yaliyojirudia. Baadhi ni mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili, JUMA ALI na Juma Ali, akiba yake imegawanyika sehemu mbili. Wengine ni watu wawili kweli wanaofanana majina, na kwetu hilo ni la kawaida mno. Kwiri haiwezi kukwambia yupi ni yupi, kwa hiyo usiwaunganishe kwa UPDATE hata kama unaona ni dhahiri. Ichapishe hiyo orodha pamoja na namba za simu na namba za uanachama, mpe mweka hazina apige simu mmojammoja, akishajiridhisha ndo we uunganishe, akaunti moja baada ya nyingine, ndani ya transaksheni, yani hatua zote zifanikiwe pamoja au isifanyike hata moja.